Kamera gani kwa maneno ya wazee?

Wenzangu katika kijitabu hiki wanaandika juu ya mahari, matanga na majina ya watoto. Mimi naomba niandike juu ya kamera. Najua wengine watasema: mashine ya Wajapani, na mila yetu, wapi na wapi? Lakini hapa Bukavu siku hizi mahari haitolewi bila mtu kusimama pembeni na kamera. Miaka ikipita, wazee wakitutoka, kinachobaki cha siku ile ni kile mashine ilichoshika. Kama haikushika kitu, basi hatuna kitu.

Dada yetu mkubwa aliolewa mwaka 2001. Tulimlipa mtu wa studio, akapiga filimu tangu asubuhi. Wasemaji wa pande mbili walizungumza kwa Mashi karibu saa nzima: ng'ombe wangapi, wa rangi gani, nani atabaki na deni na kwa sababu gani. Wiki mbili baadaye kaseti ya VHS ikaja. Maua na mioyo inazunguka kwenye picha, na juu ya maneno yote ya wazee wameweka rumba! Baba yetu anaonekana amesimama na fimbo yake, midomo inatembea, lakini anayesikika ni mwimbaji wa Kinshasa. Tukaomba kaseti ya kwanza, ile iliyotoka mu kamera. Wakatujibu kwamba wameshapiga juu yake ndoa ya watu wengine, kwa sababu kaseti ni ghali. Baba alifariki mwaka 2005. Mpaka leo familia mbili hazipatani juu ya ng'ombe mmoja aliyeahidiwa siku ile, na hakuna mahali pa kumsikia baba akisema.

Kwa hiyo mwaka 2009, mdogo wetu alipokaribia kuoa, na mama alipokubali kutuhesabia majina ya mababu, tuliamua kutafuta kamera yetu wenyewe. Yaya wetu wa Bruxelles aliuliza: ninunue ya namna gani? Wakati ule kamera za picha safi, zile za mistari 1080, zilikuwa zimeanza kushuka bei, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi.

Kulikuwa na zile za diski ndogo ya DVD. Hizo tulizikataa haraka. Diski ya sentimita 8 inabeba gigabaiti 1.4 tu, na ukisahau kuifunga ndani ya kamera, mashine nyingine haiisomi. Binamu yetu wa Marekani naye alitaka kutuachia yake. Lakini kamera za kule zinapiga kwa mwendo wa umeme wao wa hertz 60. Kwetu ni 50, na chini ya taa za neon picha inatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Mabishano ya kweli yalikuwa kati ya kaseti na kadi. Kaseti ilikuwa ile ndogo ya MiniDV, na juu yake picha safi zinaandikwa kwa mtindo ulioitwa HDV: dakika 60 kila kaseti. Kadi ilikuwa na mtindo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutoa mwaka 2006. Mjomba alishika upande wa kaseti. Alisema: « Kaseti iko kitu ya kushika. Unaandika jina, unatia mu sanduku. Ile kadi, mutoto ataitia mu mufuko ya jinzi na mama yake ataifua na sabuni. » Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Kaseti ukiisha kuipiga, yenyewe ndiyo akiba. Kadi haiko akiba. Watu wanaihamisha kwenye kompyuta, wanaifuta, wanapiga tena, na kompyuta ikifa yote yameenda.

Mimi nilishika upande wa kadi. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa umeme. Ili kutoa saa moja ya kaseti kuingiza kwenye kompyuta unahitaji saa moja nzima, na kwetu kupata saa moja bila kukatika ni bahati. Kadi ya gigabaiti 16 ilibeba karibu saa mbili za picha nzuri, na kuinakili hakuchukui muda mrefu. Sababu ya pili: kaseti inahitaji mashine ya kuizungusha. Vichwa vyake vinaliwa na vumbi, na mwenye kuvitengeneza hapa sikumjua. Nilijiuliza, miaka ishirini ijayo nani atakuwa na mashine ile?

Shangazi, ambaye hakujua kitu juu ya mistari wala gigabaiti, ndiye aliuliza swali lililotukata: « Na sauti, itatoka? » Kweli, wote tulikuwa tunabishana juu ya macho. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam alikuja kurekodi muziki wa Bashi. Mwenye kusikiliza kazi ya namna ile hajali kama haoni uso wa mpiga lulanga. Maneno ya wazee ndivyo yalivyo. Basi tukamwandikia yaya: ya kadi, lakini lazima iwe na tundu la kuingiza mikro ya nje. Kamera nyingi ndogo hazikuwa nalo, na ile yenye nalo ilipanda bei. Akanunua hiyo, na mikro ndogo ya kubana kwenye kitenge.

Siku ya mama, kule Walungu, tulizima grupu na tukafukuza kuku. Mama alitazama ile mikro kifuani, akauliza: « Mutoto wangu, hii kitu iko nasikia Mashi? » Halafu akaanza. Alisema dakika 52, na mara tatu alirudi nyuma kusahihisha jina.

AVCHD ilikuwa na hila yake. Inakata mazungumzo marefu vipande vipande, na vipande hivyo vinakaa ndani ya folda nyingi zilizofungana. Mwenye kuchukua kipande kimoja na kuacha folda anaweza kupoteza maneno pale vinapoungana. Kwa hiyo tulinakili folda nzima jinsi ilivyo, kisha tukatengeneza nakala ya pili ya MP4, inayofunguka karibu popote, hata mu telefoni. Nakala moja ikabaki Bukavu, nyingine ikaenda Kinshasa, ya tatu Bruxelles. Mama alifariki mwaka 2016. Februari 2025, vita vilipoingia mjini na watu wakakimbia na mabegi mgongoni, hakuna mtu wa familia aliyehangaika kubeba diski.

Leo, mwenye kuniuliza anunue kamera gani, namwuliza kwanza ana telefoni gani. Telefoni nyingi zinapita ile kamera yetu kwa picha. Anunue mikro, hiyo ndiyo pesa yake iende. Apige 1080 kwa mtindo wa H.264; ule mpya wa HEVC unabana vizuri zaidi, lakini televisheni nyingi za zamani unazishinda. Na asihesabu video aliyotuma kwa WhatsApp kuwa nakala, maana imebanwa njiani.

Kuhusu kaseti, mjomba bado anazo nne, alizopiga mwenyewe kwa kamera ya kuazima, majina yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Sony ilifunga utengenezaji wa MiniDV Februari 2025. Kompyuta mpya hazina tena tundu la FireWire la kuzipokea. Tumepata kamera moja ya kaseti mu Kadutu ambayo bado inazunguka, na kompyuta ya zamani yenye tundu lile. Kaseti mbili zimeshatoka vizuri. Ya tatu inakwama dakika ya 17, pale bibi mzaa mama anapoanza kuimba, na tunangoja mtu anayejua kusafisha vichwa.