Mafuta Chini ya Chai

Mwanangu, mvua za El Niño hukuzikuta. Zilianza Oktoba 1997 zikapitiliza hadi mwaka uliofuata, na kule Kericho, ambako hata mwaka wa kawaida anga hufunga karibu kila alasiri, ardhi ilishiba ikawa haina tena pa kuyaweka maji. Moi alikuwa ametoka kushinda uchaguzi, na redioni hakukuwa na habari ila siasa na madaraja yaliyobebwa na mafuriko. Katika bonde moja katikati ya mashamba ya chai, akina mama walianza kusema kwamba chai yao inanuka mafuta ya gari.

Nilikuwa fundi wa kutoboa visima, nikachukuliwa na mtaalamu wa maji kutoka Nairobi aliyeitwa kuchunguza. Tulilala katika nyumba ya wageni yenye harufu ya moshi wa kuni na mablanketi mabichi. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi mawili haikuzidi shilingi 20. Aliyetupeleka kwenye chemchemi alikuwa kogo mmoja, yaani bibi kwa Kikipsigis, mchumaji chai mstaafu, vidole vyake bado vyeusi kwa utomvu wa majani. Hakuwa na maneno mengi. Alituonyesha utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji, nasi tulikwisha kuambiwa na wenye karakana ya magari iliyokuwa juu ya bonde kwamba huo ni uchafu tu wa majani yaliyooza. Mtaalamu akachukua kijiti akaukoroga. Utando wa vijidudu vya chuma, akanieleza, ukiuchokoa huvunjika vipande kama kioo. Wa mafuta huzunguka kisha hujifunga tena. Ule ulijifunga. Kogo akamtazama bila kutabasamu, maana alilijua hilo kabla yetu kwa pua yake.

Karakana ile ilihudumia lori za majani ya chai tangu enzi za mkoloni. Tangi lake la petroli lilizikwa chini, chuma cha ukuta mmoja, na lilikwisha kuachwa bila kufukuliwa. Chai hustawi kwenye udongo wenye asidi, na udongo huo huo hula chuma. Tulipozungusha keekee ya mkono, udongo ulitoka mwekundu na safi, halafu kina kilipoongezeka ukageuka kijivu, na harufu ikatupanda hadi machoni. Ilitubidi kutoboa visima visivyopungua vitatu, kwa kuwa ni kwa kulinganisha kimo cha maji katika vitatu ndipo unapojua yanaelekea wapi. Yalielekea bondeni. Nilishusha mrija wa plastiki unaopitisha mwanga katika kisima kilichokuwa karibu na tangi, nikauvuta juu taratibu: chini maji, juu yake mafuta ya rangi ya manjano, kimo cha ukucha wa kidole gumba. Petroli huelea, lakini sehemu yake huyeyuka isionekane, hasa benzini, ambayo huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Maji ya chemchemi yalikuwa yamevuka kiwango hicho, na yalikuwa yakipikiwa watoto uji.

Sheria ya mazingira ilikuwa haijapitishwa. Ilikuja 1999, na NEMA, mamlaka ya mazingira, baada yake. Kwa hiyo ripoti ilikabidhiwa wenye karakana, nao wakaifungia kabatini. Hilo linanikera hadi leo kuliko mafuta yenyewe. Mtaalamu alirudi bondeni akawaeleza akina mama kwa mdomo, kogo akitafsiri kwa Kikipsigis, kwamba wasiyanywe maji yale hata wakiyachemsha nyumbani. Wakahamia chemchemi ya ng'ambo, mwendo mrefu wenye mteremko wa utelezi, ndoo kichwani.

Yaliyotokea Thange kule Makueni mwaka 2015, bomba la mafuta lilipovuja hadi mtoni, yalisikika nchi nzima. Ya tangi moja hayasikiki. Basi ile ploti ya barabara ya Litein unayoitaka, iliyokuwa na pampu za petroli: kabla hujalipa, uliza tangi lilifukuliwa lini, udongo ulipimwa na nani, na majirani wa upande wa chini wanachota maji wapi.