Asubuhi ya baridi kule Kolwezi

Ukitoka Lubumbashi na kufuata barabara ya Likasi, kisha upite Fungurume na kuvuka muto Lualaba, utafika Kolwezi, muji uliojengwa juu, kunako metre 1400 na zaidi. Kama unalala pale mwezi wa sita ao wa saba, mablanketi mawili ni kidogo. Na mbele jua halijatoka, utasikia sauti ya muji wenyewe: magari ya zamani ya mazutu yanaanza kuamuka.

Sikiliza vizuri. Moja inazunguka muda murefu, inashika, inatetemeka sawa mutu mwenye malaria, na moshi mweupe unajaa njia yote. Kisha dakika mbili ao tatu inatulia. Ingine haishiki hata kidogo, na shofere anaita vijana: « Bandugu, kuyeni tusukume! » Jirani anasema: « Njo baridi tu, itapita. »

Lakini fikiri kidogo. Katika kartie nyingi za wafanyakazi, gari ile ya muzee mumoja njo watu wanagongea mulango usiku, wakati mama anashikwa na uchungu wa kuzaa. Saa ile nani ataita vijana wa kusukuma? Tena kusukuma kuna hatari: katika magari mengi, motere ikiwa imezimika, freni haina nguvu yake yote. Kwenye mutelemuko, mutu anaweza kukanyagwa.

Tuanze na kujua namna motere ile inafanya kazi. Mwaka wa 1897, Rudolf Diesel, fundi wa Ujerumani, alionyesha motere isiyohitaji cheche ya kuwasha. Hewa inakamuliwa kwa nguvu ndani ya silindri mpaka inapita digri 500 za moto. Mazutu ikinyunyizwa mule, inawaka yenyewe. Sasa, asubuhi chuma chote ni baridi, nacho kinanyanganya hewa moto wake. Kwa hiyo, katika motere nyingi za zamani, kila silindri iko na buji ya kupasha, ncha ndogo inayowaka nyekundu mbele ya kuanza. Kama motere ya silindri sita iko na buji mbili zilizokufa, itaanza na ine tu. Mazutu ya zile mbili haiwake. Inatoka kwa eshapma kama moshi mweupe.

Basi angalia moshi kwanza. Unapozungusha motere na haishike, kama moshi mweupe unatoka na unanuka mazutu, mafuta yamefika, lakini moto umekosa. Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayakufika. Kujua ile tu kutakuokolea feza nyingi.

Kama moto umekosa, anza na batri. Motere ikizunguka polepole, hewa haipati moto wa kutosha. Pangusa vichwa vya batri, kaza waya, na usisahau ule waya mukubwa unaoshikana na chuma cha gari. Kisha pima buji. Fungua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha. Twaa lampi ndogo ya volti sawa na za gari yako: waya mumoja kwenye plus ya batri, mwingine kwenye kichwa cha buji. Lampi ikiwaka, waya wa ndani ya buji ni muzima. Isipowaka, ile buji imekufa. Kama zote ni nzima, pima tena kama umeme unafika kwao wakati mutu anazungusha funguo: pengine ni relee ao fizibu tu.

Kama mafuta njo hayafiki, asubuhi mbele ya kuanza pompa kwa mukono ile pompi ndogo juu ya filtre, mpaka iwe nguvu. Gari ikianza vizuri siku ile, ujue kwamba usiku hewa inaingia na mazutu inarudi mu tanki. Tafuta tiyo yenye kupasuka, kolie isiyokaza, ao jwa ya filtre iliyozeeka. Vile vile fungua kifuniko cha chini ya filtre na kutosha maji, hasa kama unanunua mazutu ya bido kando ya njia.

Kama hayo yote ni mazuri, na motere inachechemea hata ikiwa na moto, hapo peleka kwa fundi apime enjektere, apime soupape na nguvu ya kukamua ya kila silindri. Pompi kubwa ya enjeksio inakuja mwisho, haiko mwanzo. Fundi akikuambia: « Papa, pompi imekufa, leta feza », umuulize kwa heshima: « Buji ulizipima? »

Mambo ine ya kukataza. Usiwashe moto chini ya gari. Usipulize eteri kwenye motere yenye buji za kupasha: inaweza kulipuka na kuvunja pistoni. Usiache motere ikizunguka ndani ya garaji iliyofungwa, kwani moshi unaua bila kelele. Na usiweke mukono kwenye tiyo ya enjektere inayovuja: mazutu yenye nguvu inaingia ndani ya nyama, na mutu anaweza kukatwa mukono.

Kazi hii ifanye mwezi wa ine ao wa tano, wakati asubuhi haijakuwa baridi bado. Mwite mutoto wako mukubwa ashike lampi, mama azungushe funguo. Vile, hata siku usiyokuwa nyumbani, kutakuwa mutu anayejua namna ya kuamusha gari.