Tenki la Plastiki Likipasuka Lisitupwe

Nimetoka karakana moja hapa Hamburg nimeudhika, ingawa fundi alinihudumia kwa adabu zote. Pikipiki yangu ina tenki la plastiki. Upande wa chini, karibu na bolti inayolishika kwenye fremu, pametokea ufa usiofika hata ukubwa wa ukucha. Petroli haidondoki, inalowesha tu na kuacha harufu. Kijana wa watu akavaa glavu, akapiga goti kwenye sakafu iliyopakwa rangi, akamulika tochi, akapangusa kwa karatasi, akasubiri, akapangusa tena. Alipoinuka alikuwa na jibu moja: tenki jipya. Nikamuuliza kama haliwezi kuzibwa. Akasema wao hawazibi tenki la petroli la mtu yeyote, maana likija kushika moto barabarani lawama ni yao.

Kwenye usalama sina ugomvi naye. Ujerumani pikipiki hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na inayovuja petroli haipiti. Kilichoniudhi ni bei, inayokaribia nauli ya ndege ya kwenda Dar, na kile alichonionyesha kwa kidole chake mwenyewe chini ya tenki: herufi PE-HD, zimepigwa kiwandani. Kiwanda kimeandika jina la plastiki ili siku ya kutupwa ijulikane ichambuliwe na taka zipi. Mimi nikasoma humo humo dawa ya kuliziba, kwa sababu hiyo ndiyo plastiki ya madumu yetu ya lita 20.

Mjomba wangu wa Vihingo, mkoani Pwani, alikuwa na pikipiki ya mradi, ile ndefu ya kupita kwenye mchanga, tenki jeupe la plastiki. Wenye pikipiki za Boxer matenki yao ni ya bati, likitoboka wanakwenda kwa mtu wa kuchomelea, yamekwisha. La mjomba lilikuwa kesi. Siku lilipopata ufa akitoka Mlandizi alisugua sabuni ya mche, akafika nyumbani. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, kwa hiyo kwa safari ya kurudi inatosha. Pale uani sasa kila mtu akawa bingwa. Huyu alete bazoka, yule araldaiti. Araldaiti ikapakwa, ikakauka vizuri, na baada ya siku chache ikabanduka nzima kama gamba la kidonda. Watu wakasema imechakachuliwa. Wala haikuwa hivyo. Plastiki hii ina utelezi wa asili, gundi haipati pa kung'ang'ania, na ndiyo maana supa gluu yenyewe hufungashwa kwenye vichupa vya plastiki ya namna hiyo hiyo.

Aliyelimaliza ni fundi wa kuziba ndoo na mabeseni. "Shikamoo mzee, hilo niachie mimi." Akakata ukanda mwembamba kutoka kwenye dumu bovu la njano. Akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kutembea. Akaupanua ufa kwa ncha ya kisu ukawa mfereji, kisha kwa chuma cha moto akayeyusha kingo za tenki pamoja na ule ukanda, akikandamiza polepole, hana haraka na mtu. Kisha akapaka chaki juu ya kiraka ili pakilowa paonekane. Hapakulowa. Kiraka cha njano juu ya tenki jeupe, na mjomba akaendelea kwenda shambani kwake kwenye mikorosho.

Nikikumbuka mikono ile nachukia kulipia tenki zima kwa ajili ya ufa wa ukucha. Huku maarifa ya plastiki yameandikwa hadi chini ya tenki, na karakana haithubutu kuyatumia. Kwetu fundi anathubutu, ila hakuna aliyemwambia kwamba si kila plastiki inakubali. Yapo matenki ya poliethilini iliyofungamanishwa kiwandani, hayo ukiyapelekea moto yanaungua badala ya kuyeyuka. Yapo ya nailoni. Kwangua kijipande, kitie kwenye maji: poliethilini inaelea, nailoni inazama.

Halafu kuna jambo ambalo mjomba alilishikilia mpaka fundi akanuna: moto usisogezwe kabla tenki halijajazwa maji. Alikuwa sahihi. Plastiki inakunywa petroli na kupitisha mvuke wake, kiasi kwamba Marekani, kuanzia pikipiki za mwaka 2008, wameweka kikomo cha gramu 1.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tenki ulilolimwaga likakauka bado linatoa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Watu wa Pwani tuliosikia habari za Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambako zaidi ya watu mia moja walikufa lori moja la mafuta lilipolipuka, hatuhitaji kuhubiriwa.

Basi ndugu zangu wa bodaboda wa Vihingo, Mzenga na Mlandizi: lifungueni tenki kwenye pikipiki, mlioshe kwa Omo na maji, mliache wazi juani siku kadhaa mbali na jiko. Siku ya kuziba, lijazeni maji mpaka karibu na ufa, ufa ukiwa juu, ndipo fundi alete chuma chake. Akikataa maji, mnyimeni kazi.