Besi Inayotembea

Kiwanda cha sukari cha Sony kilipoanza kazi Awendo mwaka 1979, fedha za miwa zilivuta bendi za muziki wa benga, na kila bendi ilihitaji mpiga besi. Mwandishi wa makala haya alianzia hapo. Solo ilikuwa na wenyewe, rithimu ilikuwa na wenyewe. Yeye akapewa nyuzi nne nene.

Akazipenda mno. Katika benga, besi haikai kwenye noti moja ikisubiri kodi (chord) ibadilike. Inatembea, inapenya kati ya solo na rithimu, inamjibu mwimbaji. Na mwimbaji akinyamaza ili magitaa yachemke, besi ndiyo inayowainua watu vitini. Asili ya mwendo huo ni nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi 8. Mpigaji mmoja hushika sauti za chini na za juu kwa wakati mmoja, huku pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao. Wanabenga waliichukua kazi ya mtu huyo mmoja wakawagawia wapiga magitaa. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Migori, aliiendeleza benga na bendi yake ya Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka 2006.

Kisha kinanda cha umeme kikaingia kwenye matanga na harusi, na kazi za bendi zikapungua. Mpiga besi akabaki na gitaa kavu, akaanza kutunga.

Mwalimu wake alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuonana naye: Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alicharaza kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukimsikiliza utaapa kwamba wapigaji ni wawili. Siri iko kwenye dole gumba.

Tangu hapo mwandishi hutunga besi kwanza. Chukua safari ya kutoka kodi ya C kwenda F. Wengi huruka moja kwa moja. Yeye huanzia C, nafasi ya tatu ya uzi wa tano. Hupiga uzi wa nne ukiwa wazi, hupata D. Hubonyeza nafasi ya pili, E. Kisha ya tatu, F. Do, re, mi, fa. Akielekea A ndogo, hushuka kwenye uzi uleule wa tano: C, B, kisha uzi wazi, A. Kodi ni zilezile ambazo kila mtu anazijua, lakini sasa zina njia, na wimbo wa juu hupata mtu wa kuzungumza naye.

Kijana wa Awendo mwenye gitaa moja na asiye na bendi, anza hapo leo. Funga solo kwa muda. Piga nyuzi nene peke yake mpaka miguu ya wanaokusikiliza ianze kucheza, ndipo uongeze sauti za juu.