Baka Lisilowasha



Mhariri ameniomba mara tatu niandike juu ya afya ya ngozi, kwa sababu ndugu wengi hapa seminarini huja kuniuliza maswali kana kwamba mimi ni daktari. Mimi si daktari. Ni frateri wa mwaka wa tatu wa teolojia, na machache ninayoyajua kuhusu ngozi nimeyajua kwa kuugua. Nilisita kuandika kwa sababu ugonjwa wenyewe una jina ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini. Niliugua ukoma, na nimepona. Sasa nimekwisha kulisema, tuendelee.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka wangu wa kwanza wa teolojia. Nikiwa naoga niliona baka kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, upande wa nje. Lilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda na rangi iliyofifia, kama shaba. Halikuwasha, halikuuma, wala halikutoa maji. Kwa kuwa halikunisumbua, nami sikulisumbua. Leo najua kwamba hapo ndipo nilipokosea. Sisi tumezoea kwamba ugonjwa wa ngozi ni ule unaowasha. Ukiwashwa usiku kucha utamtafuta mganga asubuhi. Baka lisilowasha linakaa mwilini kama mgeni mpole, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi.

Mwenzangu wa bwenini aliponiona alisema, "Hayo ni mashilingi tu." Akanipa tyubu ya dawa aliyoinunua duka la dawa, ambayo ilimsaidia shingoni. Nikapaka asubuhi na jioni. Dawa ilipoisha nilinunua nyingine, kisha nyingine. Muuzaji hakuniambia nikunje mkono wa shati aone, nami sikumwonyesha. Kufikia mwezi wa sita baka lilikuwa pana kama kiganja cha mtoto, na jingine dogo lilikuwa limetokea begani. Nikaacha kucheza mpira. Nikaanza kuvaa mikono mirefu hata wakati wa joto, na kuoga baada ya wenzangu wote.

Muhula huo tulikuwa tunasoma Torati. Tulipofika sura ya 13 ya Mambo ya Walawi, mwalimu alitueleza kwamba neno la Kiebrania linalotafsiriwa kuwa ukoma lilitumika kwa magonjwa mengi ya ngozi, na hata kwa ukungu wa nguo na wa kuta za nyumba. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza lile neno lilinipitia kichwani, nikalifukuza. Halafu nikakumbuka kanuni ya 241 ya Sheria ya Kanisa, inayotaka afya ya mwili na ya akili iangaliwe kabla mtu hajapokewa seminarini. Nikajiambia, nikionyesha baka hili, safari yangu ya wito imekwisha. Basi nikalificha zaidi.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilikuwa zamu ya kupiga pasi alba za kanisani. Umeme ulikuwa umekatika, tukatumia pasi ya mkaa. Nilikuwa naongea na mwenzangu huku nimekunja mikono ya shati, mara akapiga kelele: "Frateri, mkono!" Niliangalia. Ubavu wa pasi ulikuwa umegusa mkono wangu, juu kabisa ya lile baka, na lengelenge lilikuwa linaanza kuvimba. Mimi sikuwa nimehisi chochote.

Msomaji anayejua maisha ya Mtakatifu Damiano wa Molokai ataelewa nilivyolala usiku ule. Padre Damiano alifika kwa wagonjwa wa ukoma huko Hawaii mwaka 1873, mwaka uleule ambao daktari Hansen wa Norway aliviona vijidudu vya ugonjwa huo. Miaka kadhaa baadaye aliweka miguu katika maji ya moto, ngozi ikaungua bila yeye kusikia maumivu, ndipo akajua kwamba naye ameupata. Alikufa mwaka 1889, kwa sababu dawa haikuwepo. Mimi habari ya Damiano niliijua vizuri, nilikuwa nimeisimulia hata kwa watoto wa Utoto Mtakatifu. Kumbe nilikuwa naijua kama hadithi ya mtu mwingine.

Jumapili baada ya Misa nilikwenda kwa Baba Gombera. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini nilipoketi nilikunja tu mkono wa shati. Aliangalia, akavaa miwani, akaangalia tena.

"Umemwonyesha nani?"

"Nimepaka dawa ya dukani, Baba."

"Sikuuliza umepaka nini. Nimeuliza umemwonyesha nani."

"Hakuna, Baba."

Alinyamaza. Kisha akasema gari la seminari linakwenda mjini kesho kuchukua mahitaji, na mimi nitakwenda nalo hospitali. Nikamuuliza swali lililokuwa likinitafuna: "Baba, nitafukuzwa?" Akanijibu, "Kwa kuugua? Hapana. Ila kwa kuficha miezi mitano nitakugombeza, lakini upone kwanza."

Hospitalini sikumkuta daktari bingwa. Nilimkuta tabibu wa ngozi, mama wa makamo, aliyesomea Moshi katika kile chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, kilichoanza mwaka 1992 na kinachofundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Aliniambia nivue shati na nisimame karibu na dirisha. Aliangalia mgongo, masikio, uso, mikono, na nyayo. Kisha akachukua kipande cha pamba, akakisokota ncha.

"Fumba macho, mwanangu. Kila nikikugusa, onyesha kwa kidole mahali nilipogusa."

Nikaonyesha shavu. Nikaonyesha bega la kulia, kifua, mkono wa kulia. Halafu kukawa kimya. Nikasubiri. Nikadhani ameitwa nje. Nilipofumbua macho, pamba ilikuwa juu ya baka langu, na yeye alikuwa ananitazama usoni.

Aliendelea na vipimo. Alipapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko, shingoni na kando ya magoti kuona kama imevimba. Aliniambia nifumbe macho kwa nguvu, nitanue vidole, nisukume mkono wake. Alichukua ute kidogo kutoka ncha ya sikio kwa ajili ya darubini. Mwisho akasema, kwa sauti ileile aliyoniulizia jina langu: "Ni ukoma. Umekuja na vidole vyote na vinafanya kazi. Tunaanza dawa leo."

Tiba ilikuwa ya miezi sita. Wenye mabaka mengi zaidi, au wenye vijidudu vinavyoonekana kwenye darubini, hutumia miezi kumi na miwili. Dawa ni mseto, hutolewa kwa kadi ya mwezi mmoja mmoja, na ni bure kabisa katika vituo vya serikali na vya mashirika. Mara moja kwa mwezi nilimeza dozi kubwa mbele ya mhudumu, na siku hiyo mkojo ulikuwa mwekundu. Walinionya mapema, la sivyo ningekimbia. Siku nyingine nilimeza mwenyewe baada ya chakula cha jioni. Ngozi yangu iligeuka nyeusi zaidi kwa muda, ikarudi. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alikuja seminarini kuwapima wenzangu wa bwenini, wakakutwa wazima wote.

Lakini kabla ya majibu hayo zilipita siku ngumu. Ndugu mmoja alihamisha kitanda chake. Mwingine aliacha kunipa mkono wakati wa kutakiana amani, akawa anainamisha kichwa tu. Sikuwalaumu, maana nilijua ya kwangu. Nilipokuwa mtoto, kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa mlangoni mwa kanisa la parokia yetu, vidole vyake vimekwisha. Mama alikuwa akinipa sarafu nimpelekee. Nami nilikuwa naidondosha kutoka juu, iangukie kwenye kikombe chake, ili nisimguse. Nilifanya hivyo miaka yote hadi nikaenda seminari ndogo, na siku zote niliondoka pale nikijiona nimetenda tendo la huruma.

Sasa niseme machache kuhusu maswali ninayoulizwa.

Je, ukoma ni urithi au laana? Sivyo. Ni vijidudu, vinavyopita kwa njia ya hewa kutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajaanza dawa, kwa watu wanaokaa naye karibu kwa muda mrefu. Watu wengi sana wana kinga ya asili na hawaupati kamwe. Mgonjwa akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Vijidudu hivyo huenda polepole, vinaweza kukaa mwilini miaka mitano, hata ishirini, kabla ya dalili, ndiyo maana sijui niliupata wapi na nimeacha kutafuta.

Je, kila baka ni ukoma? La hasha. Wengi wanaonionyesha mabaka wana fangasi au ukavu wa ngozi tu. Alama ya kuogopa ni baka lililopoteza hisia. Na kama bweni zima linawashwa usiku, katikati ya vidole na kiunoni, huo pengine ni upele: tibuni wote siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe siku hiyohiyo, vinginevyo mtapeana kwa zamu hadi likizo.

Je, kuna ubaya gani kupaka dawa ya mwenzangu? Yule mama tabibu alinieleza kwamba tyubu nyingi tunazoazimana zimechanganywa na steroidi. Steroidi hutuliza wekundu upesi, lakini hupunguza kinga ya ngozi, na fangasi huendelea kutambaa chini kwa chini. Ukiipaka usoni muda mrefu ngozi huwa nyembamba na kutoa chunusi. Kwangu mimi ilinipa miezi mitano ya kujidanganya. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni ni mbaya zaidi, na zimepigwa marufuku nchini kwetu.

Je, ni lini nimwone daktari wa ngozi? Ukiwa na baka lenye ganzi; kidonda kisichopona kwa mwezi; alama nyeusi inayokua au kubadilika, hasa kwenye unyayo au chini ya ukucha. Bob Marley, ambaye vijana wengi wana picha yake, alianza na alama chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na saratani hiyo ilimuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ndugu zetu wenye ualbino wasisubiri dalili. Wakaguliwe ngozi mara kwa mara, na sisi tusiwapangie zamu ya shamba saa sita mchana. Madaktari bingwa ni wachache, nao wako zaidi katika hospitali kubwa kama KCMC na Muhimbili, lakini usiache kwenda kwa sababu hiyo. Anza na kituo kilicho karibu, vua shati, na useme tangu lini.

Nilipomaliza dawa nilikwenda likizo nyumbani. Nilimkuta yule mzee bado yuko hai, haji tena kanisani, anakaa kwa binti yake. Nilikwenda kumwamkia. Nilimshika mikono yote miwili, nikaketi naye kwenye mkeka, nikakunja shati nikamwonyesha. Alilitazama baka kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Wewe ulikaa nalo muda gani?"

"Miezi mitano, babu."

"Mimi miaka mitano," akasema. "Nilikuwa kijana, nataka kuoa. Niliona aibu." Akainua mikono yake akaitazama, kama mtu anayehesabu. "Hospitali ya Masista ilikuwa mwendo wa saa mbili tu."

Binti yake alileta ugali na dagaa, tukala sahani moja. Sikumwambia habari za sarafu. Nilikuwa nimekusudia kumwomba msamaha, lakini alikuwa anacheka kwa furaha ya kupata mgeni, nikaona nisimharibie chakula. Nilirudi siku iliyofuata nikamwambia. Alisema anakumbuka sarafu, hakumbuki mimi. Walikuwa watoto wengi, akasema, na wote walidondosha.

Baka langu bado lipo, limefifia sana, na mahali pale sihisi pamba hata leo. Tabibu aliniambia hisia haitarudi yote. Ningekwenda wakati wa Kwaresima badala ya mwezi wa nane, huenda ingerudi. Yule ndugu aliyehamisha kitanda amekirudisha, nasi hatujawahi kulizungumzia.

Katika Injili ya Marko, mwenye ukoma anamjia Yesu mwenyewe na kupiga magoti. Zamani mahubiri yangu yalikuwa juu ya mkono wa Yesu unaogusa. Siku hizi namfikiria zaidi yule mgonjwa. Sheria ilimtaka akae mbali, naye akatoka alikojificha akaja kusimama mahali anapoonekana. Mpendwa msomaji, kama una kitu mwilini unachokifunika kwa mkono wa shati, kesho mwonyeshe mtu anayejua. Na wewe unayeonyeshwa, usirudi nyuma hatua hata moja.