Kilomita 42 za New York, na swali la mama

Ukiwa Mkenya na ukatangaza kwamba unakwenda ng'ambo kukimbia mbio za marathoni, kila mtu atakuuliza jambo moja: "Utashinda?" Mimi nilipoulizwa nilicheka tu. Mtu anayeketi dawatini kutwa nzima akiandika makala, ambaye miaka michache iliyopita alikuwa akihema kwa kupanda ngazi za ofisi, atamshinda nani?

Aliyeniuliza jambo tofauti ni mama yangu. Nilipompigia simu kumpasha habari hizo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Na mabati?"

Sina budi kusema ukweli. Pesa nilizokuwa nikiweka katika chama cha akiba na mikopo zilikuwa za kuezeka upya nyumba yake kijijini kabla ya Krismasi ya 2024. Mabati ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, na kila masika beseni mbili zilikaa sebuleni zikikinga maji. Nauli ya ndege, ada ya mashindano na gharama za viza zingemeza zaidi ya nusu ya akiba hiyo. Nilimweleza yote bila kuficha.

"Nenda," akasema mwishowe. "Mabati yatangoja mwaka mmoja. Lakini usiniletee hadithi kwamba uliishia njiani."

Kati ya mizigo yote niliyobeba hadi Marekani, hakuna uliokuwa mzito kama maneno hayo.

KWA NINI NEW YORK

Mbio za New York hufanywa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba. Zilipoanza mwaka wa 1970 washiriki walikuwa 127 tu, wakizunguka ndani ya bustani ya Central Park, na 55 ndio waliofika mwisho. Tangu 1976 mbio hizo hupitia wilaya zote tano za jiji: Staten Island, Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan. Mwaka niliokwenda mimi, 2024, waliomaliza walikuwa zaidi ya 55,000.

Sisi Wakenya tuna historia huko. Mwaka wa 1987 Ibrahim Hussein alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Tegla Loroupe akafuata mwaka wa 1994, akiwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuibuka mshindi huko. Mwaka wa 2005 Paul Tergat alimpiku Hendrick Ramaala wa Afrika Kusini kwa sekunde moja tu baada ya kilomita zote hizo.

Lakini wewe na mimi hatuhitaji kuwa akina Tergat. Mtu wa kawaida huweza kupata nafasi kwa njia ya kura, au kwa kuchangisha pesa za shirika la misaada, au kwa kuonyesha kwamba amewahi kukimbia kwa muda uliowekwa. Mimi nilijaribu kura na jina langu likatoka mwezi wa Machi.

KUJIANDAA NYUMBANI

Anayetaka kukimbia kilomita 42 na mita 195 asidhani atajiandaa kwa wiki tatu. Mimi nilianza Machi hiyo hiyo. Siku nne kwa wiki niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikakimbia na jirani yangu kabla ya matatu kujaa barabarani. Usikimbie peke yako gizani. Mbwa wa mtaani ni taabu, na binadamu wengine ni taabu zaidi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwendo mrefu. Tulianza na kilomita kumi katika msitu wa Karura, tukaongeza moja moja au mbili mbili, hata kufikia Septemba tukawa tunafika 32. Hapo ndipo mwili hujifunza kwenda ukiwa umechoka. Wiki tatu za mwisho punguza mwendo. Wengi huogopa kupumzika wakidhani watasahau walichojifunza, wakafika siku ya mashindano wakiwa na miguu iliyokwisha kazi.

Sisi wa Nairobi tuna bahati moja. Jiji letu liko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hali New York iko pwani kama Mombasa. Aliyezoea hewa nyepesi ya huku akishuka kule hupumua kwa raha. Hata hivyo hewa haikimbii kwa niaba ya mtu. Mazoezi ni yale yale.

Kuhusu chakula, sikununua unga wa ajabu wala vidonge. Nilikula ugali, githeri, viazi vitamu na ndizi. Fuata kanuni moja tu: usijaribu kitu kipya siku ya mashindano. Hata viatu, viwe ni vile ulivyokwisha kuvizoea.

Viza nayo isikupite. Jaza fomu mapema mara tu upatapo nafasi, kwa sababu tarehe ya mahojiano yaweza kuwa mbali. Kwa mahojiano ya Gigiri nilibeba barua ya mwajiri, taarifa za benki na barua ya kukubaliwa katika mbio. Afisa aliniuliza natarajia kutumia muda gani. "Kama saa nne na nusu," nikajibu. Alitabasamu. Nadhani nilikuwa Mkenya wa kwanza kumpa jibu kama hilo siku hiyo.

SAFARI

Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, mwendo wa takriban saa 15. Kwa kubana matumizi, mimi nilichukua nauli rahisi ya kampuni nyingine iliyopitia Ulaya. Nilifika Alhamisi. Begi langu halikufika.

Nilisimama mbele ya ule ukanda unaozunguka mpaka likabaki sanduku moja la kijani, na hilo halikuwa langu. Niliambiwa nijaze karatasi na ningoje. Begi liliwasili Jumapili usiku, mbio zikiwa zimekwisha.

Kilichoniokoa ni ushauri wa jirani yangu: viatu vya kukimbilia, kaptura na fulana usivitupe kwenye mzigo wa chini. Nilikuwa navyo mkobani, pamoja na sweta zito nililonunua Gikomba. Ukisahau mengine yote katika makala haya, kumbuka hilo.

Nilifikia kwa binamu yangu anayeishi Jersey City, ng'ambo ya mto. Ijumaa tulikwenda katika ukumbi mkubwa wa Javits kuchukua namba. Ni lazima uende mwenyewe na pasipoti yako, hawampi mtu mwingine. Jumamosi usiku binamu akasonga ugali, tukala mapema, nikalala.

Usiku huo una kioja chake. Saa za Marekani hurudishwa nyuma usiku huo huo: ikifika saa nane usiku, inakuwa saa saba tena. Kwa hiyo New York ililala ikiwa nyuma ya Nairobi kwa saa saba, ikaamka ikiwa nyuma kwa nane. Binamu yangu alifurahia saa moja ya ziada ya usingizi. Mimi niliitumia kutazama dari.

SIKU YENYEWE

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye feri ya kwenda Staten Island. Aliyewahi kuvuka Likoni angejihisi nyumbani: watu wamebanana, kila mmoja na kifurushi chake, na watu wa miguu hawalipi nauli. Tofauti ni baridi. Ilikuwa baridi ya kuuma masikio, na baada ya feri na basi tulingoja nje, kwenye ngome ya zamani ya Fort Wadsworth, kwa zaidi ya saa tatu.

Hapo ndipo utaona faida ya nguo kuukuu. Kila mtu huja na nguo asizozijali, huzivua dakika za mwisho, nazo hukusanywa na kupewa wahitaji. Niliyatazama maandishi ndani ya kola ya sweta langu kabla ya kulivua. Lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya chuo fulani cha Marekani. Lilikuja Gikomba ndani ya robota la mitumba, nami nimelirudisha kwao.

Kundi letu lilianza karibu saa tano asubuhi. Mwanzo wa njia ni daraja la Verrazzano-Narrows, lenye orofa mbili, lililofunguliwa mwaka wa 1964. Unapanda polepole, upepo wa bahari ukikupiga ubavuni, majengo ya Manhattan yakionekana kwa mbali upande wa kushoto. Wakati sisi tukipanda daraja hilo, Sheila Chepkirui alikuwa anamaliza mbio za wanawake. Wa pili alikuwa Hellen Obiri, wa tatu Vivian Cheruiyot. Wakenya watatu mtawalia.

Sikujua hayo. Nilikuja kujua Brooklyn, kwa sababu ya fulana yangu. Fundi wetu wa mtaani alikuwa ameishonea neno KENYA kifuani kwa herufi kubwa, na watazamaji wa New York humwita mkimbiaji kwa neno lolote waonalo kifuani pake. "Kenya! Kenya!" walipaza sauti pande zote mbili za barabara ya Fourth Avenue. Polisi mmoja akaniambia kwamba dada zangu wamechukua nafasi zote tatu. Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama nimeumia.

Nilijigamba kwa maili kumi. Kwaya ziliimba nje ya makanisa, bendi zikapiga, watoto wakanyoosha viganja tuvigonge. Kisha tukaingia Williamsburg, ambako Wayahudi wenye makoti marefu meusi walivuka barabara kwenda shughuli zao kama vile sisi hatupo. Daraja la Pulaski ndilo nusu ya safari, na hapo unaingia Queens.

Daraja la Queensboro ndilo lililonivunja. Watazamaji hawaruhusiwi huko. Ni kiza cha orofa ya chini, mwinuko, na sauti ya nyayo na pumzi za watu, basi. Ukitoka unapokewa na kelele za First Avenue, na wengi hudanganyika wakaongeza mwendo. Nami nilidanganyika.

Malipo yake niliyalipa Bronx, maili ya 20. Misuli ya mapaja ilikaza kama kamba. Niliketi kando ya barabara, nikaitazama ile KENYA kifuani na kutamani kuivua. Nilikuwa nimekwenda kilomita 32, kipimo kile kile nilichozoea Karura. Zilizobaki kumi sikuwahi kuzikimbia maishani mwangu nikiwa nimezitanguliza hizo.

Mama mmoja mtu mzima, aliyeketi kwenye kiti cha kukunja, akaniletea nusu ya ndizi. "Kenya," akasema, "mbona umeketi?"

Sikuwa na jibu. Niliyakumbuka mabati, na zile beseni mbili, na mtu aliyekubali kuloweshwa na mvua mwaka mwingine ili mimi nifike hapo. Nilikula ndizi, nikamshukuru, nikasimama kwa kushika nguzo. Nikaanza kutembea, halafu nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Hivyo ndivyo nilivyopita Harlem, nikaupanda mwinuko wa Fifth Avenue ambao kwenye ramani hauonekani, nikaingia Central Park majani ya miti yakiwa mekundu na manjano.

Nilifika saa nne na dakika 58 baada ya kuanza. Nilivishwa medali shingoni na kupewa joho la kuzuia baridi. Nilijaribu kuinama nifungue kamba za viatu, nikashindwa.

SWALI LA MWISHO

Kijijini mama aliigeuzageuza medali akiisoma. "Ulikuwa wa ngapi?"

Nikamwambia zaidi ya watu 38,000 walinitangulia. Akatikisa kichwa. "Na nyuma yako?"

"Zaidi ya elfu kumi na tano."

"Basi," akasema. "Na hukuishia njiani." Akaitundika medali kwenye msumari, kando ya kalenda.

Mabati tuliyapigilia Agosti 2025. Masika yaliyotangulia nilikuwa huko mvua ikinyesha, nikamsaidia kumwaga maji ya beseni. Hakulalamika, jambo ambalo lilinichoma kuliko lalamiko lolote.

Kwa hiyo msomaji, ukitaka kwenda, nenda. Jiandikishe mapema, fanya mazoezi kwa miezi, vaa viatu ulivyovizoea na uvibebe mkononi. Lakini kabla ya kulipa ada, keti na watu wa nyumbani uwaeleze gharama hiyo itatoka wapi na nani atangoja kwa ajili yako. Ukifika maili ya 20, watu hao ndio watakaokuinua.