Askari mdogo aliyevunjika mguu



Juma hili tunawaletea kisa kidogo cha nyumbani kwetu. Mjomba wa watoto, anayeishi Ubelgiji, alimtumia mtoto wetu askari wadogo wa plastiki, wale wa mchezo wa vita unaochezwa juu ya meza. Mmoja akaanguka, akavunjika kwenye kifundo cha mguu, kitako chake kikabaki peke yake.

Mtoto akalia. Sisi tukanyamaza. Tulikimbia vita vya kweli na watoto mgongoni. Leo tumsimamishe askari humu nyumbani? Tulitaka kumtupa.

Nyanya yake akasema: «Huyu halilii vita. Anamlilia mjomba wake.»

Basi tukaketi naye. Gundi peke yake ilishindwa mara mbili, kwani mguu ni mwembamba. Mara ya tatu tukapasha sindano moto, tukiwa nje penye hewa, tukatoboa mguu na kitako. Tukakata kipande kifupi cha waya wa kubania karatasi, tukakichomeka pande zote mbili kwa tone la gundi kali. Gundi hiyo hunasa vidole mara moja, kwa hiyo tuliishika sisi wazazi. Tukamwacha akauke hadi asubuhi.

Sasa anasimama. Na tulipokuwa tukitengeneza, mtoto alituuliza kwa mara ya kwanza juu ya safari ile ya kukimbia. Tukamweleza yote.

Wamama, tusiharakishe kutupa kitu cha mtoto. Tuulize kwanza analilia nini.